Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Idadi ya Watu wa Kijiji cha India na Jinsi ya Kusoma Takwimu Zake

Tafuta jina la kijiji chochote cha India mtandaoni, utakutana na maelezo yaleyale: kina watu kadhaa, kaya kadhaa, wanawake kadhaa kwa kila wanaume 1,000, na asilimia fulani wanajua kusoma. Kurasa nyingi za namna hiyo zimejazwa na kompyuta kutoka jedwali moja la sensa, na aliyezijaza hakusimama kueleza. Majibu yaliyo hapa ni ya mwanafunzi aliyepewa kazi ya jiografia, ya mtafsiri aliyekwama kwenye jedwali, na ya mjukuu anayetafuta kijiji alikotoka babu yake.

## Mambo ya msingi

1. Takwimu za kijiji cha India zinatoka wapi?

Karibu zote zinatoka kwenye sensa ya taifa. Sensa ya kwanza ya India ni ya 1872, ingawa haikufanyika nchi nzima kwa wakati mmoja. Ya 1881 ndiyo ya kwanza kufanyika kwa pamoja, na tangu hapo ikawa kila baada ya miaka 10. Ya mwisho kukamilika ni ya 2011. Makarani walipita nyumba kwa nyumba tarehe 9 hadi 28 Februari, wakarudi tena 1 hadi 5 Machi kuongeza waliozaliwa na kuondoa waliofariki, ili hesabu isimame kwenye usiku wa manane wa kuamkia 1 Machi 2011.

Jumla ya India siku hiyo ilikuwa watu 1,210,854,977. Takriban milioni 834 kati yao, yaani karibu asilimia 69, walikuwa wa vijijini.

2. Mbona kila ukurasa unataja 2011? Hakuna takwimu mpya?

Hakuna. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19. Juni 2025 serikali ilitangaza rasmi sensa mpya ambayo siku yake ya rejea ni 1 Machi 2027, isipokuwa Ladakh na maeneo yenye theluji ya Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand, ambako ni 1 Oktoba 2026.

Kwa hiyo ukiona "idadi ya watu wa kijiji fulani mwaka 2024", mtu amechukua namba ya 2011 akaizidisha kwa kiwango cha ukuaji cha jimbo au wilaya. Kwa wilaya nzima makadirio hayo yanaweza kukaribia ukweli. Kwa kijiji cha watu 900, ambako familia 10 zikihamia mjini hesabu nzima inayumba, mimi siyatumii.

3. "Kijiji" kwenye sensa ndicho kijiji ninachokifikiria?

Mara nyingi sicho, na hapa ndipo wengi hupotea. Kijiji cha sensa ya India ni kipande cha ardhi chenye mipaka kwenye daftari la kodi ya ardhi. Kaskazini hukiita *mauza*. Mipaka hiyo ilichorwa kwa ajili ya mashamba na kodi, si kwa ajili ya nyumba. Ndani yake panaweza kuwa na kitongoji kimoja kilichobanana, au vitongoji sita vilivyotawanyika ambavyo wenyeji wanaviita kila kimoja kijiji.

Tofauti kati ya majimbo ni kubwa mno. Uttar Pradesh ina vijiji zaidi ya 100,000. Kerala ilikuwa na 1,018 tu mwaka 2011, na wastani wa kila kimoja ulizidi watu 15,000, kwa sababu huko nyumba zimepangana kandokando ya barabara maili kwa maili na huwezi kuona kijiji kimoja kinapoishia na kingine kuanza. Anayelinganisha kijiji cha Kerala na cha Uttar Pradesh kwa ukubwa analinganisha njia mbili za kugawa ardhi, wala si namna mbili za kuishi.

Usikichanganye pia na *gram panchayat*, yaani halmashauri ya kijiji inayochaguliwa. Panchayat moja inaweza kubeba vijiji kadhaa vya sensa.

4. Nimekuta kijiji chenye watu 0. Ni kosa?

La. Katika vijiji takriban 640,000 vya 2011, zaidi ya 40,000 havikuwa na mkaaji hata mmoja. Ardhi ipo, jina lipo, namba ipo, watu hawapo. Maofisa wa ardhi wana neno lao la zamani kwa kijiji kama hicho: *bechirag*, kisicho na taa. Baadhi ni msitu, baadhi ni mashamba ambayo wenyewe wanalala kijiji cha pili, na baadhi watu wamehama wakakiacha (tazama swali la 17).

5. Mbona koma za namba za Wahindi zimekaa ovyo?

Hazijakaa ovyo, wanahesabu kwa malaki, na sisi wasemaji wa Kiswahili ndio watu wa mwisho wa kushangaa, maana neno *laki* tumelichukua kwao. Laki moja huandikwa 1,00,000. Laki 100 ni "crore" moja, yaani milioni 10, nayo huandikwa 1,00,00,000. Ile jumla ya swali la 1 kwenye jedwali la India inasomeka 1,21,08,54,977. Kabla ya kunakili, futa koma zote kisha uweke zako.

6. Kuna vijiji vingapi vinavyoitwa Rampur? Nitajuaje ni kipi changu?

Rampur ni nyingi kupita kiasi, hata ndani ya wilaya moja. Katika sensa ya 2011 kila kijiji kilipewa namba yake ya tarakimu 6, na hiyo ndiyo ya kushika. Angalia pia mkia wa jina: *Khurd* ni kidogo na *Kalan* ni kikubwa, maneno ya Kiajemi yaliyoganda kwenye daftari. Usishangae ukikuta Khurd imeipita Kalan kwa watu. Majina yalitolewa zamani, watoto wameendelea kuzaliwa.

Wilaya nazo hugawanywa. Vijiji vyote vya Telangana, jimbo lililoundwa Juni 2014, kwenye majedwali ya 2011 viko chini ya Andhra Pradesh.

## Nani anahesabiwa

7. Kaya ni nini kwa sensa ya India?

Ni watu wanaoishi pamoja na kula jiko moja. Ndugu watatu wanaweza kuwa ndani ya ua mmoja, na mama yao mmoja, na ng'ombe wao mmoja, lakini kama kila mke ana meko yake hizo ni kaya tatu. Ndiyo maana kaya zikiongezeka haraka kuliko watu huwezi kusema moja kwa moja kwamba nyumba mpya zimejengwa. Pengine wake za ndugu wameamua kila mmoja apike kivyake.

8. Waliosafiri kutafuta kazi wanahesabiwa wapi?

Kanuni ya 2011: mtu aliyekuwa nyumbani kwake wakati wowote kati ya 9 na 28 Februari alihesabiwa nyumbani. Aliyekuwa mbali kipindi chote alihesabiwa alikokutwa. Sensa zetu za Afrika Mashariki huuliza nani alilala hapa usiku wa sensa, wao wanatoa nafasi ya siku 20.

Inasikika kama jambo dogo mpaka uitazame wilaya ya Beed, Maharashtra. Kila mwaka msimu wa mvua ukiisha, familia nzima huondoka na mapanga yao kwenda kukata miwa magharibi mwa jimbo, na hurudi kiwanda kikizima mitambo, kuelekea Machi au Aprili. Februari wako kwenye mahema pembeni ya mashamba ya watu. Kwa kanuni hiyo kijiji cha Beed kinapungukiwa na vijana na watoto wao, na kijiji cha miwa kinapata watu ambao mwezi wa tano hutawakuta. Ukisoma takwimu za sehemu yenye kazi za msimu, iwe miwa au tanuri za matofali, jiulize kwanza: Februari watu wa hapa huwa wapi?

9. Nimepata namba mbili tofauti za kijiji kimoja, zote za 2011. Nishike ipi?

Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, moja ni ya kijiji na nyingine ni ya panchayat nzima. Ya pili, moja imetoka kwenye sensa na nyingine kwenye orodha nyingine kabisa, kama daftari la wapiga kura, ambalo lina watu wa miaka 18 na zaidi tu. Kwa majimbo na taifa kuna sababu ya tatu: matokeo ya awali na ya mwisho. Kujua kusoma nchi nzima kulitangazwa kwanza asilimia 74.04, na hesabu ya mwisho ikawa karibu 73. Shika ya mwisho.

## Wanawake, wanaume na watoto

10. "Uwiano wa jinsia 914" maana yake nini?

Wanawake 914 kwa kila wanaume 1,000. Tahadhari kwa wanafunzi wa Tanzania na Kenya: takwimu zetu huhesabu wanaume kwa kila wanawake 100, kwa hiyo kwetu namba kubwa ni wanaume wengi, na kwao namba kubwa ni wanawake wengi. Nimeona kazi za darasani zilizopinduliwa kichwa chini kwa sababu hiyo tu.

Wastani wa India mwaka 2011 ulikuwa 943. Kerala ilikuwa 1,084 na Haryana 879.

11. Mbona wasichana wadogo ni wachache?

Jedwali la kijiji lina safu ya watoto wa miaka 0 hadi 6, na uwiano wao kitaifa ulishuka kutoka 927 mwaka 2001 hadi 918 mwaka 2011. Haryana ulikuwa 834. Hali ya asili haizai pengo la namna hiyo. Limetokana na mashine ya kupima mimba kuonesha jinsia ya mtoto, kisha mimba ya msichana kutolewa. Sheria ya 1994 inakataza daktari kusema jinsia, lakini ishara ya kidole haiachi karatasi. Nyuma yake kuna mahari, ambayo India hutolewa na upande wa binti, na kuna mazoea ya mtoto wa kiume kubaki na wazazi uzeeni.

Sasa onyo. Tuchukue kijiji cha kubuni chenye watu 1,240: wanaume 648, wanawake 592. Watoto wa 0 hadi 6 ni 186, wavulana 102 na wasichana 84. Uwiano wa watoto hapo ni 824, unatisha. Ongeza wasichana watano tu, unaruka hadi 873. Wasichana watano ni watoto wa uchochoro mmoja. Uwiano wa watoto wa kijiji kimoja usiutumie kuwahukumu watu wake. Kusanya vijiji vya tarafa nzima ndipo useme.

12. Ni kweli kwamba wanawake wengi wa kijijini ni "wahamiaji"?

Ni kweli, na sababu ni ndoa. Sehemu kubwa ya India ya kaskazini mtu haoi ndani ya kijiji chake. Vijana waliokulia pamoja huhesabiana ndugu, hata kama damu haiwaunganishi. Binti akiolewa anaondoka, na mke wa kaka yake anaingia kutoka kijiji kingine. Sensa humwandika kila aliyehama makazi, basi kundi kubwa kuliko yote la wahamiaji wa India ni wanawake waliohama kwa kuolewa, wengi wao umbali wa safari ya basi moja. Kusini mambo ni tofauti, kwa kuwa jamii nyingi huko huruhusu kuoana binamu, na mwanamke anaweza kuolewa mtaa wa tatu kutoka kwa mama yake.

Mahali pengo la swali la 11 limekuwa kubwa, bibi harusi hutoka mbali zaidi. Haryana huletwa wanawake kutoka Assam, Bihar na Bengal ya Magharibi, na wenyeji huwaita *molki*, aliyenunuliwa. Kwenye jedwali la kijiji mwanamke huyo ni moja tu katika safu ya wanawake, na uwiano wa jumla unaonekana kupata nafuu.

## Kusoma na kazi

13. Nimegawa wanaojua kusoma kwa jumla ya watu, sipati asilimia iliyoandikwa. Nimekosea wapi?

Umegawa kwa wote. India huhesabu kuanzia miaka 7. Aliye chini ya hapo huandikwa hajui kusoma hata kama anakusomea gazeti. Rudi kwenye kijiji chetu cha mfano, tuseme wanaojua kusoma ni 720. Ukigawa kwa 1,240 unapata asilimia 58. Toa kwanza watoto 186, ugawe kwa 1,054, unapata 68. Tofauti ya pointi 10, na kosa hili liko kwenye kurasa nyingi za mtandaoni.

Kujua kusoma kwa sensa ni kuweza kusoma na kuandika kwa kuelewa, lugha yoyote. Hakuna cheti kinachoulizwa.

14. "Mfanyakazi mkuu" na "mfanyakazi wa pembeni" ni nani?

Mkuu alifanya kazi miezi 6 au zaidi katika mwaka uliotangulia. Wa pembeni alifanya pungufu ya hapo. Kisha wote hugawanywa: wakulima wa shamba lao au la kukodi, vibarua wa mashambani, wa viwanda vya nyumbani, na wengineo, kapu ambamo mwalimu anakaa na dereva wa bodaboda na mwenye duka.

Ukiwa na nafasi ya kutazama safu moja tu ya kazi, tazama vibarua dhidi ya wakulima. Mwaka 2001 India ilikuwa na wakulima wapatao milioni 127 na vibarua wa mashambani milioni 107. Mwaka 2011 meza ikapinduka: wakulima milioni 119, vibarua milioni 144. Shamba la babu limegawiwa wana wanne, kila mmoja amepata kipande kisichomlisha, na mwana wa nne anakwenda kulima kwa jirani kwa ujira wa siku. Kijiji ambacho vibarua wamewazidi wakulima maradufu ni kijiji cha watu wasio na ardhi, hata kama picha zake ni za kijani kitupu.

15. Na wanawake, mbona safu yao ya kazi ni ndogo hivyo?

Kitaifa asilimia 25.5 ya wanawake wote waliandikwa wafanyakazi, na kwa wanaume ni asilimia 53.3. Kupika, kuteka maji, kulea na kuokota kuni si kazi kwa tafsiri ya sensa. Lakini kukamua maziwa ni kazi, hata kama yote yatanywewa nyumbani. Kwa hiyo mama akimkamua nyati alfajiri ni mfanyakazi, akiyabandika jikoni maziwa yaleyale ameacha kuwa mfanyakazi. Mengi yanategemea karani aliuliza nini, na mlangoni alimjibu nani. Mara nyingi aliyejibu ni mume.

## Tabaka, kabila na dini

16. SC na ST kwenye jedwali ni nini? Na mbona dini haipo?

SC ni matabaka yaliyoorodheshwa kisheria, hasa Wadalit waliokuwa wakitengwa kama najisi. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 16.6 ya Wahindi wote. ST ni makabila yaliyoorodheshwa, asilimia 8.6. Orodha ni ya kila jimbo, na hapo pana mtego: Punjab na Haryana hazina kabila lolote kwenye orodha, kwa hiyo "ST 0" huko inaeleza orodha, haielezi watu. Tena, SC ni lazima awe Mhindu, Singasinga au Mbudha. Mdalit aliyebatizwa Mkristo hutoka kwenye safu hiyo bila kuhama nyumba. Kwa ST dini haijalishi.

Safu hizi zina uzito wa kisiasa. Tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika 24 Aprili 1993, viti vya panchayat hutengwa kwa SC na ST kulingana na idadi yao, na angalau theluthi moja kwa wanawake.

Matabaka mengine yote hayamo. Sensa ya mwisho kuyahesabu na kuyachapisha kikamilifu ni ya 1931, na serikali imetangaza kwamba ya 2027 itayauliza. Dini na lugha ziliulizwa 2011, ila matokeo yake yalichapishwa hadi ngazi ya tarafa na mji, hayakushuka kijijini. Anayekuambia kijiji fulani "kina Waislamu asilimia 34.7 kwa sensa ya 2011" amekupa namba ya tarafa, au ameitunga.

## Maswali ya pembeni

17. Vijiji vinapungua watu, au vinageuka miji?

Yote mawili. Milimani Uttarakhand, wilaya za Almora na Pauri Garhwal zilikuwa na watu wachache mwaka 2011 kuliko 2001. Vijana wameshuka tambarare, wazee wamebaki na mbuzi.

Upande wa pili, kijiji huandikwa mji kwenye sensa kikifikisha watu 5,000, msongamano wa 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wafanyakazi wakuu wakiwa nje ya kilimo. Miji ya aina hiyo ilikuwa 1,362 mwaka 2001 na karibu 3,900 mwaka 2011. Mingi bado inaongozwa na panchayat. Kama kijiji chako kilikuwa kwenye orodha ya 2001 na hukioni 2011, kitafute upande wa miji.

18. Naweza kujua wazee ni wangapi kijijini?

Kwa jedwali la kijiji, hapana. Umri pekee uliopo ni 0 hadi 6.

19. Babu yangu alitoka Kutch, jimbo la Gujarat. Jamaa zetu walioko Nairobi na London wamo kwenye hesabu ya kijiji?

Hawamo. Aliyekuwa nje ya nchi kipindi chote hahesabiwi. Chukua Madhapar, nje kidogo ya Bhuj, kijiji cha akina Hirani, Vekaria na Bhudia, majina ambayo mkazi wa Nairobi ameyasoma kwenye vibao vya maduka ya vifaa vya ujenzi tangu utotoni. Fedha za walio ng'ambo zimejenga nyumba za ghorofa pale, na nyingine zinafunguliwa Desemba tu. Kwa sensa nyumba iliyofungwa haina mtu. Angalia pia kwamba Madhapar ina sehemu mbili, Juna Vas, mtaa wa zamani, na Nava Vas, mtaa mpya. Ukinakili namba ya mmoja umeacha nusu ya habari.

20. Na Wasidi, watu wenye asili ya Afrika? Ninaweza kuwaona kwenye takwimu?

Kwa kuzunguka. Kijiji chao kinachojulikana zaidi ni Jambur, karibu na msitu wa Gir, Gujarat. Sensa haiulizi rangi wala asili, na lugha yao ni Kigujarati. Lakini katika wilaya za Saurashtra, sehemu ya Gujarat iliko Jambur, Wasidi wako kwenye orodha ya ST, kwa hiyo safu ya ST ya Jambur ndiyo dirisha lako. Itafute chini ya wilaya ya Junagadh, kwa kuwa wilaya ya sasa, Gir Somnath, iliundwa Agosti 2013. Kilichobaki cha kwetu jedwali halikipati: ngoma yao wanaiita *goma*.